Miaka sita nanunua vitunguu Mang'ola, ziwa Eyasi nimekuja kuliona mwaka juzi

Naomba niiandike hii habari yote kama ilivyotokea, kwa sababu kila nikisimulia nusu nusu watu wananiuliza maswali yale yale, mliendaje, shilingi ngapi, mwezi gani mzuri, na wale Wahadzabe, wawindaji wanaoishi kando ya ziwa, mkifika mnawapa nini. Hilo swali la mwisho ndo linaloniuma kabisa kwa sababu mara ya kwanza nililijibu vibaya sana.

Mi nauza vitunguu soko la Kilombero, hapa Arusha mjini. Biashara ilianzwa na marehemu baba, alikuwa na Fuso lake na stoo, alipofariki nikaishika mimi. Kwahiyo Mang'ola naijua, au nilijiambia naijua. Nafika Ghorofani, kijiji cha huko Mang'ola, jioni, nalala gesti, alfajiri niko shambani na dalali, tunahesabu magunia, tunabishana habari ya lumbesa, yani gunia kujazwa kupita kiasi, vijana wanapakia, mchana nimeshageuza. Miaka sita hivyo hivyo. Ziwa liko pale pale, ukitazama kwa mbali unaona weupe kama shuka limeanikwa, na siku hata moja sikuwahi kusema ngoja nisogee nikalione. Wahadzabe nilikuwa nawaona mmoja mmoja wanapita barabarani na pinde zao, tunapishana, basi.

Kilichonisukuma ni binti yangu. Alikuwa darasa la tano, siku moja anafanya homuweki ya makabila akaniuliza, mama, hapa wameandika Wahadzabe wanaishi ziwa Eyasi, si ndo huko unakoendaga wewe? Wakoje? Nikakosa la kumwambia mtoto. Wiki hiyo wifi yangu wa Moshi alikuwa kwetu, akasema twendeni basi, tuchange, tukalione ziwa na watoto wawaone hao watu.

Kwa asiyejua, Eyasi liko wilaya ya Karatu, chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, nyuma ya milima ya Ngorongoro. Juu yako unauona mlima Oldeani una zaidi ya mita 3,000 na kijani chake na mawingu yake, wewe uko chini kwenye kama mita 1,000 na joto linakupika. Ni ziwa la magadi, maji yanaingia hayana pa kutokea, na halina kina, kwahiyo mvua ikinyesha vizuri linajaa na kiangazi kikikaza linarudi nyuma mpaka unaweza kukuta ni uwanja mweupe tu. Hili sikulijua na ndo lilikuwa kosa la kwanza, tulienda mwishoni mwa Septemba.

Kosa la pili, kupanga. Sikuuliza mtu yeyote wa utalii wala wa kijiji, nilimpigia dalali wangu wa vitunguu. Nikamwambia nataka kuleta familia kuona Wahadzabe na ziwa, akasema hiyo ndogo, nitumie laki na themanini nitaweka kila kitu sawa. Nikamtumia kwa simu hapo hapo. Huyu mtu kwenye vitunguu hajawahi kunidhulumu hata gunia moja, sa sikufikiri kwamba kujua vitunguu na kujua kupeleka wageni nyumbani kwa watu ni kazi mbili. Akaniambia pia, mkifika Karatu chukueni pombe kidogo, wazee wafurahi. Na pipi za watoto. Nikanunua chupa mbili za pombe kali na pakiti tatu za pipi, na nilijiona mtu mkarimu.

Tulikodi Noah, tuko saba pamoja na dereva, tukatoka Arusha saa kumi na mbili asubuhi tukisema jioni tumerudi. Hiyo nayo msije mkaifanya. Lami ni nzuri, Makuyuni, Mto wa Mbu, mnapanda ukuta wa bonde mnaliona ziwa Manyara chini, Karatu mnafika freshi. Kutoka Karatu mnaelekea kama mnaenda lango la Ngorongoro ila hamfiki langoni, mnakata kushoto njia panda ya Oldeani, kwahiyo kiingilio cha hifadhi hakiwahusu, kuna watu wananiulizaga hilo. Hapo ndo kazi inaanza, kama kilomita hamsini za vumbi na mawe. Tukapata pancha. Jeki ipo, spea ipo lakini haina upepo. Tukakaa juani saa nzima na nusu mpaka Fuso la vitunguu likapita wakatusaidia pampu. Ghorofani tumefika karibu saa saba mchana.

Saa saba mchana kambini kwa Wahadzabe hakuna kitu cha kuona na hakutakiwi kuwepo. Wanaume wameshatoka alfajiri kuwinda wamerudi, wamechoka, wako kivulini chini ya mti wanakarabati mishale, wamama wamelala na watoto. Dalali alikuwa ametuma kijana wa bodaboda atuongoze, si mwongozaji, ni bodaboda tu. Akawaamsha watu. Akawaambia wageni wamekuja, chezeni. Mimi nimesimama pale naangalia wazee wanainuka kutoka usingizini wacheze kwa sababu yangu, na nikatoa simu nikaanza kupiga picha. Sikumuuliza mtu. Sikusalimia vizuri hata.

Halafu nikatoa zile chupa.

Sitaandika yote. Ndani ya nusu saa chupa zimekwisha na wanaume wawili waliokuwa wamekaa pamoja kwa amani tulipofika wameanza kugombana, mmoja akashika upinde wa mwenzie akauvuta mpaka ukavunjika. Mama mmoja alikuja akamchukua mtoto wake aliyekuwa amesimama karibu na mimi anasubiri pipi, akamwekea mkono kifuani akamrudisha nyuma taratibu, akaniangalia. Hakusema kitu. Mi nina watoto watatu, naijua ile namna ya kumrudisha mtoto, ndivyo tunavyofanya kukiwa na gari linakuja.

Na hapo hapo binti yangu akaniuliza kwa sauti, mama, hawa ndo zama za mawe? Hakuwa na ubaya, alikuwa anauliza alichofundishwa. Ila kijana mmoja wa pale, labda miaka ishirini na kitu, alikuwa anakisikia Kiswahili kama mimi na wewe. Akamwambia, mdogo wangu, zama ni hizi hizi, mi naishi leo kama wewe. Alisema kwa upole kabisa. Ningemshukuru angenifokea.

Tukaondoka. Kwa aibu niliyokuwa nayo nikasema basi tukalione ziwa angalau. Dereva akashuka mpaka ukingoni, tukaona uwanja mweupe mkavu unaenda mpaka upeo wa macho, maji yako mbali yanametameta. Akasema hapa pagumu, naingia nisogee. Jamani, msiingize gari kwenye ziwa Eyasi. Ule weupe ni ganda tu la magadi, chini yake ni tope jeusi laini kama uji. Mita thelathini hivi tairi za mbele zikazama mpaka bampa ikalala chini. Tukakaa pale upepo wa jioni unatumwagia chumvi machoni, watoto wanalia, mpaka saa moja usiku trekta la mwenye shamba mmoja likaja kutuvuta, elfu themanini taslimu. Maji hatukuyagusa. Arusha tumeingia saa tisa usiku.

Hesabu ya siku hiyo, Noah na mafuta laki mbili na nusu, dalali laki na themanini, trekta elfu themanini, chakula na soda elfu sabini, pombe na pipi elfu arobaini na kitu. Zaidi ya laki sita. Na kwa kadiri nilivyokuja kujua baadaye, pale kambini ilifika elfu ishirini tu.

Nilikaa na hiyo kitu moyoni. Msimu ukaendelea, Novemba nikarudi Mang'ola kununua mzigo kwa mama mmoja Mwiraqw ambaye nanunua kwake tangu enzi za baba. Nikamsimulia nikitegemea anipe pole. Akaweka jembe chini akasema, mwanangu, unakuja kwangu miaka yote hii, unakula kwangu, unashindwaje kuniuliza mimi? Akaniambia pale Ghorofani kuna ofisi ya utalii wa utamaduni, waongozaji wanatoka humu humu, wengine ni Wadatoga, wengine ni Wairaqw, wanajua lugha na wanajua kambi ipi iko wapi maana wale wanahama, na kuna ada inayolipwa kwa risiti inayoenda kijijini na kambini. Mgeni hatakiwi kwenda mwenyewe. Miaka sita nimepita mbele ya hiyo ofisi nikiwa na magunia kichwani, kichwani kwa maana ya mawazo.

Yeye ndo aliyenikalisha na mwongozaji, kijana wa Kidatoga mwenye utulivu. Nikamwambia ukweli wote, na pombe nikasema. Hakunihukumu, akasema wengi wanafanya hivyo, wageni kutoka nje na sisi wenyewe, na kwamba pombe imeumiza kambi za jirani na barabara kuliko kitu chochote anachokijua. Akasema njooni Juni, masika yameisha, njia imekauka na ziwa bado lina maji. Mlale hapa. Alfajiri saa kumi na moja na nusu tunatoka. Na msije wengi.

Tukawa watano, mimi, wifi, binti yangu, mtoto wa wifi na dereva, safari hii gari la juu siyo Noah. Tulifika mchana, tukaenda ziwani jioni jua limelegea, kwa miguu, gari tukaliacha kwenye mikoche. Mikoche ile mirefu yenye matawi yanayogawanyika, upepo ukipita inalia kama mtu anakunja makaratasi. Mwongozaji anapima kwa mguu kabla hajatupitisha. Na maji yalikuwepo. Heroe wamesimama kwa maelfu mstari wa rangi ya waridi mpaka macho yanachoka, mwari wanatua, nyuma yetu Oldeani umevaa wingu. Wavuvi wawili walikuwa wanatoka na kambale, maana likijaa linapata samaki. Wifi alikaa chini kwenye magadi hakusema neno labda dakika ishirini, na wifi si mtu wa kunyamaza. Mi nilimkumbuka baba. Alikuwa akinisimuliaga ziwa lenye rangi ya waridi na mi nikadhani ni maneno ya kumlaza mtoto.

Usiku tumelala gesti elfu ishirini na tano chumba. Chandarua lazima, maana pale kuna chemchemi na mifereji ya mashamba kila mahali, mbu ni wengi sana, watu wanadhani kwa sababu ni pakavu hakuna mbu.

Alfajiri kuna baridi, chukueni sweta, halafu saa tatu mtalivua. Tulifika kambini kukiwa bado giza kidogo, wanaume wanaota moto. Mwongozaji alitufundisha njiani kusalimia, mtana, na wakaitikia, na tukakaa. Tulikaa tu. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyetuonyesha kitu. Mzee mmoja alikuwa anauweka mshale karibu na moto anaunyoosha, anaung'ata kidogo kwa meno, anafumba jicho moja kuutazama urefu wake, anaurudisha motoni. Kwenye mkia manyoya ya kanga amefunga na nyuzi za mshipa wa mnyama. Binti yangu alimwangalia mpaka yule mzee akampa aushike. Picha tulipiga baadaye, baada ya mwongozaji kuuliza, na wawili walikataa na tukaheshimu.

Lugha yao ile ina vidoko, ile sauti ya ulimi kama unaita kuku au unasikitika, lakini imo ndani ya maneno. Watu wengi wanasema ni ndugu na Kisandawe kwa sababu nacho kina vidoko, kumbe wataalamu hawajapata lugha yoyote duniani ambayo imethibitika ni ndugu yake. Wenyewe wako elfu moja na kitu tu, wote, pande zote za ziwa. Kata moja ya Arusha ina watu zaidi ya hapo. Na jambo lingine alilotusahihisha mwongozaji, sisi wa zamani tulikuwa tunawaita Watindiga, hilo si jina lao, msiliseme. Hata yeye mwenyewe kabila lake tunaliita Wamang'ati, akasema hilo ni neno la Kimaasai maana yake maadui. Yani mimi kila siku Kilombero nasema yule Mmang'ati, yule Mmang'ati, kumbe namwita mtu adui huku nampa chai. Sisemi tena.

Kwenye kuwinda, wanaume wanatembea haraka sana na hawakusubiri. Miiba inashika nguo na ngozi. Wifi alivaa sendo, baada ya nusu saa miguu inatoka damu, vaeni viatu vya kufunika na suruali nzito. Na mjue hawawindi kwa ajili yenu, siku hiyo walipata ndege wawili, na pimbi mmoja akawatoroka. Nilikuwa na wasiwasi kwamba binti atasikitika, lakini kitu kilichomshika si mishale kabisa.

Kijana mmoja alisimama kwenye mti wa kawaida tu, akausogelea uso mpaka pua inagusa gome. Akamwita binti. Pale kwenye gome kuna kijibomba cha nta kidogo kama ncha ya mrija wa kalamu, na vinyuki vidogo kama nzi wa matunda vinaingia na kutoka. Hao nyuki hawana mwiba. Akachukua shoka akapasua kidogo tu, akaingiza vidole viwili akatoa asali, nyembamba kama maji, chachu na tamu kwa pamoja, kila mtu kijiko kimoja hakifiki. Akazibia na kipande cha mti. Mwongozaji akatueleza kuna na ile asali ya nyuki wakubwa kwenye mibuyu, wanapigilia vigingi vya mti kwenye shina wanapanda, na kuna ndege anayewaongoza, mtu anapiga mluzi na ndege anajibu anaruka mbele mti kwa mti mpaka kwenye mzinga. Tuliona vigingi vya zamani vimeachwa kwenye mbuyu mmoja, vinapanda mpaka juu kwenye matawi. Nilishika cha kwanza tu, kikavu kama mfupa.

Mi nashauri na hili watu wengi hawalifanyi, baada ya kuwinda ombeni kwenda na wamama. Wageni wote wanakimbilia mishale na wanawake ndo wanaoleta chakula cha uhakika kila siku. Tulienda na bibi mmoja na mabinti zake watatu, mmoja na mtoto mgongoni. Bibi anagonga ardhi na mti wake uliochongwa ncha, anasikiliza, anagonga tena, kisha anakaa chini anachimba. Anaondoa mawe makubwa kuliko kichwa chake. Nikaomba nijaribu, nikachimba dakika kumi nikatoa jasho na sikufika popote, akauchukua mti akaniwekea mkono wake juu ya wangu, akanionyesha kwamba unachimba ukiinua jiwe kwa pembeni siyo ukilipiga. Viazi vyake ni virefu vyenye nyuzi, wakawasha moto hapo hapo kwa kupekecha, wakavibabua dakika chache, unamenya unatafuna unameza utomvu wake, nyuzi unatema. Vina ladha ya kiazi kikuu kibichi kilichokutana na muwa. Tukala, tukatafuna, tukatema pamoja, na hakuna lugha tuliyokuwa nayo, na sikuwahi kujisikia mgeni pale.

Niliuliza kuhusu ile ngoma yao ya usiku maana nilisikia ipo. Mwongozaji akasema epeme inachezwa usiku usio na mwezi, gizani, ni ibada yao, haiuzwi. Wakitaka kuwachezea wageni mchana wanacheza za furaha. Hiyo ya usiku msiiombe. Kumbe mchana ule wa kwanza nilikuwa nawaamsha wazee wacheze bila kujua kipi ni kipi.

Kulikuwa na maongezi ya kurudi ambayo bado nayabeba. Niliuliza mbona siku hizi wanatembea mbali sana kupata mnyama. Kijana Mhadzabe, siyo yule wa zama, mwingine, akaonyesha kwa mkono upande wa mashamba. Akasema pale palikuwa na mibuyu na matunda na wanyama walikuwa wanashuka kunywa kwenye chemchemi, sasa ni vitunguu. Hakunilaumu, hakujua nafanya biashara gani. Ni mimi niliyejua. Gunia ninalopakia Fuso lina maji ya chemchemi ile ndani yake. Upande wa Mbulu kule Yaeda Chini Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi mwaka 2011, zaidi ya hekta 20,000 zikawa zao kisheria, na niliposikia nilifurahi kama nimepata mimi. Sijaacha kuuza vitunguu, nina watoto na nina watu wananitegemea pale stoo. Lakini nimeacha kununua kwa mtu anayenionyesha shamba jipya lililofyekwa porini, nauliza sasa, hapa palikuwa nini mwaka juzi. Baadhi ya madalali wamekasirika. Sawa.

Mchana tulipitia kwa wafua chuma wa Kidatoga, hao ndo wanaowatengenezea Wahadzabe vichwa vya mishale, wanabadilishana kwa asali na ngozi tangu mababu. Mwongozaji alikuwa ameniambia kwenye simu mapema, mkiwa na vyuma chakavu vya shaba leteni, koki, kufuli, chochote. Nikabeba kufuli la stoo ya baba, lile la njano zito, lilishakufa, funguo haiingii, nikawa naliweka tu droo ya meza sijui kwa nini. Mzee mfuaji alilipima mkononi, akalivunja kwa nyundo, akatupa kwenye kijungu cha udongo. Kijana wake anapuliza kwa viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, mkono huu na mkono huu, puu, puu, makaa yanageuka meupe. Kufuli lilikaa kufuli kwa muda mrefu, mpaka nikadhani haliwezi, halafu ghafla likalala, likawa tone moja linalong'aa linatetemeka. Akalimimina kwenye kijimfereji, likakaa, akalipiga akalikunja, akachora mistari na patasi. Bangili mbili. Elfu kumi ufundi wa zote. Moja ninayo mkononi naandika hapa, nyingine nilimpelekea mama yangu.

Kwa wale wa hesabu, safari ya pili gari siku mbili na mafuta laki nne, maana ni gari la juu na hapo ndo pesa inakwenda, mwongozaji na ada za kijiji na kambi kwa watu wazima wawili na watoto wawili tulilipa laki na ishirini na risiti tukapewa, ni bei ya Watanzania, wageni wanalipa zaidi. Gesti elfu sabini na tano, kula elfu sitini. Ukijumlisha utaona imezidi kidogo tu ile ya kwanza. Ulizeni ofisini kabla maana bei zinabadilika. Shanga na asali nunueni moja kwa moja kwa wamama, wekeni noti ndogo ndogo za elfu mbili na elfu tano, chenji kule hakuna. Zawadi, muulizeni mwongozaji siku moja kabla. Sisi alituambia unga kilo ishirini na chumvi, tukampa mama mkubwa wa kambi bila kupiga picha. Pipi hapana, watoto wanaoza meno na daktari wa meno yuko mbali. Pombe hapana, hata wakiomba, na wataomba, mmoja aliniomba, nikamwambia kwa Kiswahili baba yangu sina, akacheka tukaendelea.

Yule mama aliyemrudisha mtoto nyuma sikumwona tena. Niliuliza, wakaniambia kambi yao ilihama, iko mbali kidogo upande wa milimani. Mwongozaji alisema anaweza kupeleka salamu. Nikakaa muda nikifikiria nimtumie nini, mwishoni nikasema mwambie tu yule mwanamke wa vitunguu amekuja tena na hakuleta chupa. Wiki mbili baadaye nikiwa Kilombero nashusha mzigo akanipigia, akasema salamu zimefika, mama amesikia, anauliza lile gari lilitoka kwenye tope?